Tunaponunua mitambo ya umeme, tudai na modeli zake za kompyuta

Sisi tulioko Uingereza tukipiga simu nyumbani Tanzania tukaambiwa umeme umekatika, wengi wetu tuna jibu moja: "Huku haukatiki." Si kweli. Ijumaa ya tarehe 9 Agosti 2019, saa 11 kasoro dakika 8 jioni, radi ilipiga njia ya umeme kaskazini mwa London. Dakika mbili hazijaisha, wateja zaidi ya milioni moja walikuwa hawana umeme.

Radi yenyewe ilikuwa jambo la kawaida, na njia ile ilirudi hewani baada ya sekunde chache tu. Balaa lilikuwa kwingine. Hornsea One, shamba la mitambo ya upepo lililoko Bahari ya Kaskazini, liliangusha megawati (MW) 737 papo hapo. Kituo cha gesi cha Little Barford nacho kikapoteza mtambo wa MW 244, na sola nyingi ndogo za mitaani zikajizima. Frikwensi, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, ambayo kwa kawaida ni hezi 50, ikashuka hadi 48.8. Hapo rilei, vile vifaa vya ulinzi vinavyokata umeme vyenyewe, zikafanya kazi zilizopangiwa: zikawakatia sehemu ndogo ya wateja ili nchi nzima isizimike. Ndani ya dakika 45 wote walikuwa wamerudishiwa umeme. Waliopata taabu zaidi ni abiria, maana treni za aina fulani zilizima frikwensi iliposhuka, na baadhi hazikuwaka tena mpaka fundi alipofika na kompyuta yake.

Kwa hiyo hata huku hitilafu zipo. Tofauti ninayoiona iko kabla na baada ya hitilafu, na hiyo ndiyo natamani tuichukue.

Baada ya mwezi mmoja hivi, ripoti ya kiufundi ilikuwa hadharani, imeandikwa sekunde kwa sekunde, mtu yeyote aisome. Januari 2020 mdhibiti wa nishati wa huku, Ofgem, alitoa yake, na wenye mitambo ile miwili wakakubali kulipa pauni milioni 4.5 kila mmoja. Ikafahamika kwamba programu inayodhibiti volteji kule Hornsea ilianza kuyumba gridi ilipotikisika. Programu ikarekebishwa. Baadaye kanuni za gridi nazo zikaguswa, hasa zile zinazohusu modeli za kompyuta ambazo mwenye mtambo lazima azikabidhi kabla ya kuruhusiwa kuungwa.

Hizo modeli ndizo mkate wangu. Kila jenereta, kila transfoma, kila kilomita ya waya inageuzwa kuwa namba na milinganyo ndani ya kompyuta. Kisha unaiuliza: laini hii ikikatika sasa hivi, umeme utapita wapi? Mtambo ule ukizima, frikwensi itashuka kwa kasi gani, na nani atawahi kuiinua? Mezani kwangu huwa nina mistari miwili kwenye skrini. Wa bluu ni mtambo wenyewe, ulivyorekodiwa siku ya majaribio. Mwekundu ni modeli aliyoileta mwenye mtambo. Ikipandana vizuri, tunaendelea. Ikiachana, hata kwa nusu sekunde pale mwanzoni, anarudishiwa kazi yake, awe kampuni kubwa kiasi gani.

Kabla sijaja huku nilifanya kazi katika kituo kimoja cha kufua umeme nyumbani, sitakitaja jina. Kabatini tulikuwa na mafaili mazuri sana, yamejalidiwa kwa ngozi. Ukurasa wa mipangilio ya gavana, kile kifaa kinachoamua mtambo uitikie vipi frikwensi ikishuka, ulikuwa na jedwali tupu. Nywila ya kuingia kwenye kifaa chenyewe aliondoka nayo mkandarasi. Kila tulipotaka kubadilisha kitu tuliandika barua pepe ng'ambo tukasubiri, na huku mtambo ni wetu, umenunuliwa kwa kodi ya mama lishe na mkulima. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Sasa tazameni ukubwa wa kilichopo mezani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja MW 235, jumla MW 2,115. Wa kwanza ulipowashwa Februari 2024, mahitaji ya juu ya gridi yetu yote yalikuwa chini ya MW 2,000. Maana yake mtambo mmoja ukizima ghafla unaondoka na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wa nchi. Kwa mahitaji ya Uingereza siku ile ya radi, ni sawa na kupoteza zaidi ya MW 3,000 kwa mpigo, na wao walitikiswa na MW 1,900 hivi. Mitambo ya maji ina faida yake kubwa: ni mizito, ina inesha, yaani inaendelea kuzunguka kama jiwe la mashine ya kusaga baada ya mota kuzimwa, na hivyo inatupa muda. Lakini muda huo ni wa sekunde. Anayejua atazitumiaje ni yule aliyekwisha kulifanyia jambo hilo majaribio kwenye kompyuta, mara nyingi, kwa namba za kweli.

Na msiniambie wataalamu hatuna. Waendeshaji wa chumba cha udhibiti pale Ubungo, Dar es Salaam, wanaijua gridi yetu kuliko mshauri yeyote anayeshuka kwenye ndege kwa wiki mbili. Programu tunazotumia huku, PSS/E au PowerFactory, hata vijana wa vyuo vya nyumbani wanaweza kuzifundishwa na kuzimudu. Wanachokosa ni namba za kuingiza humo. Kununua skada mpya, yaani mfumo wa kompyuta wa kuangalia na kuendesha gridi, yenye skrini za ukuta mzima hakutawasaidia ikiwa modeli iliyo nyuma yake imejaa makisio.

Tangu mwishoni mwa 2024 jambo hili si letu peke yetu tena. Njia ya kilovoti 400 kati ya Singida na Isinya, zaidi ya kilomita 500, imetuunganisha na Kenya, na Kenya imeungana na Ethiopia. Mtambo ukizima Rufiji, Nairobi wanausikia. Wao wakitikisika, nasi tunatikisika. Ndiyo maana naona mkataba wowote mpya, uwe wa maji, gesi, upepo au jua, uandikwe hivi: malipo ya mwisho hayatoki mpaka modeli ikabidhiwe, nywila zikabidhiwe, na wahandisi wetu wenyewe wailinganishe na mtambo halisi wakiwa wamesimama mbele yake.