Mimi Ndiye Yule wa Friza

Naona klipu imeshawafikia. Ile ya mama anayepiga ukunga "Samaki wa watuuu!" halafu mwanamume anamjibu, "Subiri mama, narekodi." Haya, ni mimi, acheni kuniuliza inboksi. Aliyeisambaza ni swahiba wangu mwenyewe, na kwa kuwa kaikata mwanzo, mwanzo ninao hapa.

Tulikuwa Kigamboni, kwa mama mmoja muungwana aliyetupa sebule yake bure tupige sini za filamu fupi. Mimi ni mtu wa sauti. Tatizo friza. Iko koridoni nyuma ya pazia, ya zamani, inanguruma kama daladala iliyodondosha ekzosi. Wewe sikio lako limeshaizoea, maiki haizoei. Na afadhali ingenguruma moja kwa moja. Hii inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Mwigizaji anaanza "nakupenda" friza ikiwa kazini, anamalizia ikiwa imepumzika, mhariri akiunganisha vipande unasikia kabisa penzi limekatika katikati. Kwa hiyo friza huzimwa. Waulizeni watu wa sauti popote.

Ili usisahau kuiwasha, kuna ujanja wa siku nyingi: unaweka funguo zako humo ndani. Huondoki bila funguo, basi huondoki bila kufungua friza. Nikachomoa plagi, nikalaza funguo za pikipiki juu ya barafu za ubuyu. Nikajiona profesa.

Sasa kipande ambacho swahiba hakusimulia. Betri za maiki zilipokwisha, alitumwa yeye dukani. Akachukua funguo, akaenda, akarudi, akanitumbukizia mfukoni. Mfukoni! Na mfuniko akauacha umekalia mfuko wa barafu. Joto la Dar mnalijua.

Jioni dairekta akasema tumemaliza, bado sauti ya chumba tu. Kwa wasiojua: watu wote mnaganda kama dakika moja, unarekodi ukimya wa pale pale, ndio mhariri anaozibia mapengo. Nikavaa hedifoni, nikapandisha geini, yaani nguvu ya maiki kusikia, nikanyoosha fimbo ya maiki. Kimya kitamu, jamani. Nasikia saa ya ukutani. Nasikia tumbo la kameramani. Halafu: to.

Nikajisemea, bomba hilo.

To. To.

Maiki ile husikia zaidi inakoelekezwa, nikaizungusha taratibu. Jikoni, hamna. Dirishani, hamna. Kwenye pazia: TO. Nikaongeza geini, nikaanza kunyata. Dairekta kanitolea macho, ila hawezi kusema neno, ukimya ni wake mwenyewe. Nikasogeza pazia kwa ncha ya fimbo.

Sakafu nyekundu. Ubuyu umeteremka kwenye friza, umevuka koridoni, unaelekea chumbani. Mwigizaji akanong'ona nyuma yangu, "Hii damu ni ya sini gani?" Nikainua mfuniko. Changu walioingia asubuhi wagumu kama... hapana, sisemi. Walikuwa wamelegea, wananitazama kwa macho ya ubuyu.

Ndipo nikasikia harufu ya udi. Nageuka, mama huyu hapa. Na fimbo yangu imegeuka nami, maiki iko shubiri moja kutoka mdomoni mwake. Geini juu kabisa. Hedifoni masikioni.

Nyie, ile "Samaki wa watuuu!" mnayoichekea kwenye simu, mimi niliipokea ndani ya fuvu. Mita ilipiga nyekundu ikabaki huko huko. Mdomo nao, kwa mazoea ya kazi, ukatoa lile jibu mnalolijua.

Mengine mafupi. Wateja wa mama walilipwa changu wao, posho yangu ikaishia hapo. Samaki ambao hawakuharibika wakakaangwa usiku ule ule, nikatengewa mkia. Koridoni kuna waa hadi leo. Jina langu jipya ni Mgao, ule wa umeme.

Na ukimya wenyewe haukupatikana. Mhariri kanipigia asubuhi, anasema alichonacho ni "to, to" na ukunga, basi. Inabidi turudi. Mama kakubali, ila mtu wa sauti asivuke kizingiti chake. Kwa hiyo Jumamosi nitakuwa uani, nimepitisha fimbo dirishani, na kazi ya kuzima friza kapewa swahiba.