Maji Yakikutana: Tulaumu Tii au Bomba la Mbele?

Kwenye bomba lililonyooka, fundi na mhandisi huelewana. Ubishi huanza pale mabomba mawili yanapoungana kuwa moja. Fundi atasema tii (kiungo chenye umbo la T) ya nyuzi 90 inatosha: ipo dukani, ifungwe kazi iishe. Mhandisi atataka tawi liingie kwa mlazo wa nyuzi 45, maana maji yanayoingia kwa kugonga yanapoteza nguvu iliyokwisha lipiwa umeme.

Fizikia iko upande wa mhandisi. Mkondo wa pembeni haupindi ghafla kama tii ilivyopinda. Unaachana na ukuta, nyuma yake kunabaki maji yanayozunguka tu, na yanayosafiri yanabanwa kwenye nafasi iliyosalia. Vipimo vya Munich, Ujerumani, miaka ya 1920, vilionyesha kwamba maji yote yakitokea tawini, kizigeu cha upotevu, K, yaani namba inayopima nguvu inayopotea kwenye kiungo, huwa kama 0.9 kwa nyuzi 90 na karibu 0.4 kwa nyuzi 45. Ajabu zaidi, K ya tawi inaweza kushuka chini ya sifuri: mkondo wenye kasi unaukokota ule dhaifu. Hiyo si nishati ya bure. Anayekokota ndiye anayelipa.

Lakini fundi naye hakosei. Kwenye bomba la milimita 100 lenye msuguano wa kawaida, K ya 1 ni sawa na kurefusha bomba kwa mita 5 hivi. Katika laini ya kilomita 2, nani atazihisi? Hata EPANET, programu ya bure ya Marekani inayotumika sana kukokotoa mitandao ya maji, hulipatia kila bomba kizigeu kimoja kisichobadilika, ingawa kwenye makutano K hubadilika kila mgao wa maji unapobadilika. Tena mlazo wa nyuzi 45 mara nyingi hudai kona ya ziada ili kuifikia pampu, na kona hiyo inakula sehemu ya faida.

Kwa laini ndefu, basi, namwachia fundi. Nyumba ya pampu ni habari nyingine: mabomba mafupi, kasi kubwa. Hata hapo, naona wote wawili wanabishania pembe na kusahau kipenyo. Chukua pampu mbili, kila moja lita 50 kwa sekunde kwenye bomba la milimita 150. Zikiungana ndani ya bomba lilelile la 150, kasi inaruka kutoka mita 2.8 hadi 5.7 kwa sekunde, na upotevu, unaokwenda na kasi kwa kipeo cha pili, unapanda mara nne. Kila K ya 1 hapo inagharimu mita 1.6 za maji, yaani kimo ambacho pampu ingeyainua maji. Weka bomba la 200 mbele, inashuka hadi mita 0.5. Tofauti hiyo, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 70, ni kilowati 1.5 usiku na mchana, yaani zaidi ya yuniti 13,000 kwa mwaka. Na hapo sijahesabu msuguano wa bomba lenyewe.

Niliwahi kusimama kwenye nyumba ya pampu ya namna hiyo. Ukiwasha pampu ya pili, sindano ya geji inaruka, lakini maji tangini hayaongezeki kiasi cha kuridhisha. Tii ikalaumiwa, ikang'olewa, ikafungwa ya mlazo. Sindano ikashuka kidogo sana. Bomba la mbele lilikuwa bado la inchi 6, yaani lilelile la milimita 150.