Ukiusia hospitali, usia na cha kuilisha

Pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna jengo la wodi liitwalo Sewahaji. Ndugu hupanda ngazi zake na chupa za uji, wengi bila kujua kuwa hilo ni jina la mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya India, na fedha zake ndizo zilizoanzisha hospitali ya Dar es Salaam mwaka 1897, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki. Ilitibu Waafrika na Wahindi, kwa kuwa Wajerumani walikuwa na yao Ocean Road.

Kwa wanaotetea hospitali za wasia, yaani zinazojengwa kwa mali aliyoiacha marehemu, mfano huu unatosha: dola ilijijali yenyewe, mtu mmoja akawajali waliobaki. Nami nawaelewa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku huko Chanika hahitaji mjadala wa sera, anahitaji kitanda cha karibu.

Lakini kujenga ndiyo sehemu rahisi. Hospitali inakula kila mwezi: mishahara, dawa, vitendanishi vya maabara, umeme, mafuta ya jenereta. Marehemu hasaini hundi. Mfuko ukikauka, wadhamini hupandisha gharama, na yule maskini aliyekusudiwa anakwama kwenye dirisha la malipo huku nduguze wakichangishana kwa simu. Hilo linaniuma kuliko jengo lisilokamilika, maana hapa huduma ipo, anaiona kwa macho, ila haipati.

Kuna na haki ya warithi. Kwa Waislamu wasia hauvuki theluthi moja ya mali, labda warithi wenyewe waridhie. Kesi ya mirathi nayo inaweza kuufunga mlango kwa miaka.

Bado nipo upande wa wasia, ila kwa sharti. Anayeacha kiwanja cha hospitali aache na fremu za Kariakoo au nyumba za kupangisha, kodi yake iende moja kwa moja kwenye matibabu ya wasio na uwezo, na hilo liandikwe kwenye hati. Wadhamini wasajiliwe RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, na hesabu zisomwe hadharani mbele ya wakazi wa mtaa. Mali isipotosha kwa yote mawili, heri ijenge wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya cha serikali ambacho tayari kina wauguzi.