Nenda Mei, Usingoje Julai

Droo ya chini ya meza yangu haifungi vizuri. Imejaa bahasha za kaki za maombi ya kazi, na nyingi zimeingia mwezi wa Julai. Kazi yangu ni kuajiri watu katika hoteli moja upande wa kaskazini mashariki ya Unguja, na kila mwaka mambo ni yale yale. Julai ikifika wageni wamejaa, mpishi mkuu anafoka, mashine ya kufulia imegoma, na mlinzi ananipigia simu kutoka getini: kuna vijana sita wamesimama juani na bahasha zao. Namwambia azipokee. Nikipata nafasi natoka mwenyewe, nawaambia, "Tutakupigieni." Siwapigii, na wao wanajua siwapigii, lakini tunaagana kwa salamu nzuri kabisa.

Mwaka huu mmoja kati ya wale waliosimama juani alikuwa mtoto wa kaka yangu. Katoka Wete, kapanda boti, ana digrii ya uhasibu, na hakuniambia kama anakuja kwa sababu, kwa maneno yake, "Sitaki kazi ya kubebwa, shangazi." Nilimpenda kwa neno hilo na nikamkasirikia kwa neno hilo hilo. Usiku ule tulikaa na chai mpaka saa sita. Mengi ya hapa ndiyo niliyomwambia.

La mwanzo ni wakati. Utalii wetu unakwenda kwa misimu: Juni hadi Oktoba, halafu mwisho wa Disemba hadi Februari. Masika yakishuka, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapunguza watu, nyengine zinafunga kabisa, zinapaka rangi na kuezeka makuti mapya. Kijana akipita akaona geti limefungwa na mafundi wako juu ya paa, anarudi nyumbani kungoja mambo yafunguke. Hapo ndipo anapoikosa kazi. Mei ndiyo mwezi ambao meneja amekaa afisini, hana mgeni wa kumlalamikia kuhusu mbu, ana kalamu mkononi na anahesabu: fulani kahamia hoteli ya Paje, fulani kajifungua, fulani kaenda Oman, fulani tulimwachisha. Nafasi za Juni zinajazwa kabla Juni haijaingia. Ukinijia Mei, mvua imekurowesha mpaka magotini, kwanza nitakupa kiti, pili nitakukumbuka.

Najua linalosemwa barazani, kwamba watu wa bara wanatuchukulia kazi. Kwetu linasemwa pia, tena na baba yangu mwenyewe. Siasa yake siingii. Nitasema nililoliona kwenye droo yangu tu: bahasha za Mei, nyingi zimeletwa na watu waliovuka bahari, hawana jamaa wa kuwalaza hapa, na wanauliza habari za zamu ya usiku kabla sijaitaja. Kijana wa Mkwajuni, ambaye kwetu anafika kwa daladala moja, anakuja Julai. Siku nikimwona wa Mkwajuni Mei nitafurahi mno.

Sasa kujuana, maana hili ndilo linalowauma vijana zaidi, na wana haki. Upendeleo upo. Nimewahi kuambiwa "mpe huyu," na nikampa, na yule aliyestahiki nikamwambia tutakupigia. Sijivunii. Lakini miaka hii kwenye kiti hiki imenifunza kuwa si kila kujuana ni upendeleo. Mhudumu wa vyumba anaingia peke yake kwenye chumba cha mtu chenye pasipoti, kompyuta na pesa za kigeni juu ya meza. Wa mapokezi anashika fedha ya siku nzima. Nikimuuliza mtu, "Nani anakujua?" sitaki kusikia baba yake ni nani. Nataka kujua nani amemwona akifanya kazi. Na visiwa vyetu ni vidogo, sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba pamoja. Jina lako linafika kabla yako, zuri au baya.

Mimi nilitembeza bahasha mjini miezi minane. Mji Mkongwe nzima, Mazizini, mpaka Nungwi kwa gari la 116, kwenda na kurudi, nauli ya kukopa. Sikupata hata simu moja. Nikarudi Pemba msimu wa karafuu, na mjomba akanipa daftari nimwandikie wachumaji: nani kaleta pishi ngapi, kalipwa ngapi, anadai ngapi. Kila magharibi nasoma hesabu kwa sauti mbele ya kila mtu, na msimu ule haukutokea ugomvi hata mmoja, jambo ambalo aliyewahi kukaa kwenye kambi ya karafuu atajua si dogo. Mfanyabiashara mmoja aliyekuja pale alilitazama lile daftari, akaliomba, akaligeuza kurasa. Dada yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini na alikuwa amechoka na watu wanaopoteza risiti. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Cheti changu hakukitazama mpaka wiki ya pili.

Kwa hiyo nilipoufungua wasifu wa yule mtoto wa kaka yangu, nilitafuta daftari lake. Nikakuta kurasa nne: skuli ya msingi aliyosoma, anapenda kusoma vitabu na kutazama mpira, ana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo (shinikizo gani, Mungu anajua), na jina la hoteli nyengine kabisa kwenye barua, kasahau kulibadilisha. Nikamuuliza, hii miaka miwili tangu umalize chuo ulikuwa unafanya nini? Akasema, "Nilikuwa nyumbani tu." Nikambana. Kumbe miaka yote miwili ndiye aliyekuwa akiandika hesabu za ushirika wa mwani wa mama yake: michango ya wanachama, mauzo, mikopo midogo midogo ya akina mama, na gawio la mwisho wa mwaka. Mbona hukuandika? "Ile si kazi, shangazi."

Nilipandisha sauti mpaka nikaogopa nimewaamsha majirani. Ni kazi! Ni uhasibu wenyewe, tena wa watu ambao ukiwakosea shilingi mia mbili wanakuja mlangoni kwenu. Kata zile kurasa nne ziwe mbili. Juu kabisa weka jina, simu inayopatikana, na mistari mitatu ya unachokijua kukifanya. Halafu huo ushirika, na jina la mwenyekiti wake kama mtu wa kuulizwa. Bi mkubwa yule hajui Kiingereza, lakini mimi nikimpigia na akaniambia "huyu kijana hajatukosesha," kwangu imekwisha.

Wangapi wako hivi? Aliyepika biriani la harusi la watu mia tatu anaandika "sina uzoefu." Aliyefundisha tuisheni, aliyesimamia duka la baba yake Darajani, aliyeshika zamu hotelini siku kumi wakati wenyewe wamekwenda kula Idd, wote wanaandika "sina uzoefu." Na hizo zamu za Idd, kwa taarifa yako, ni mlango. Watu wetu wengi wanaomba likizo siku zile na tunahangaika. Vivyo hivyo wiki ya mwisho ya Disemba. Njoo kibarua cha siku tano, uje mapema, simu yako iwe na chaji, na ukiondoka uniachie namba. Korona ilipotukatia ndege mwaka 2020 tulirudisha watu nyumbani wengi sana. Tulipoanza kuita tena, walioitwa mwanzo hawakuwa wenye vyeti vikubwa. Walikuwa wale waliokuwa wakitujulia hali.

Makaratasi. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona watu wakipoteza kazi waliyokwisha pewa. Kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yako: viwe tayari kabla hujatafuta, si baada ya kuitwa. Na yatazame majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandika Khamis, cha skuli Hamisi, kitambulisho kina majina matatu na cha chuo kina mawili. Wewe unajua ni wewe, benki haijui, na mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, haujui. Utatakiwa kiapo cha majina, na kiapo hakipatikani kwa siku ambayo meneja kakwambia uanze kesho saa moja.

Lugha, kwa ufupi: Kiingereza cha kujibu simu bila kuogopa kinatosha kuanzia. Ukiongeza Kitaliano au Kifaransa umewaacha wenzako mbali. Usimdharau papasi wa ufukweni, yule kijana anayewafuata wageni kuwatembeza na kuwauzia vitu; wengine wanazungumza lugha nne na hawajakaa darasani hata siku moja. Jifunze kwao, ila ukitaka kutembeza wageni wewe mwenyewe, katafute leseni ya Kamisheni ya Utalii.

Kwa mabinti na wazee wao nina neno. Mama yangu aliposikia "hoteli" alinyamaza siku tatu. Simlaumu, alikuwa anafikiria pombe na usiku. Lakini hoteli si baa peke yake. Ina afisi ya hesabu, ina bohari, kufulia, jiko la mikate, bustani, watu wa kupokea maombi ya vyumba ambao hawaonani na mgeni hata kidogo. Uliza idara gani, zamu inamalizika saa ngapi, na gari la wafanyakazi linafika wapi. Meneja akikasirika kwa maswali hayo, basi kesha kujibu. Mimi nilimleta mama akaona mwenyewe meza yangu ilipo. Alichosema ni kuwa chumba kina vumbi.

Ajira za serikali, omba. Tangazo likitoka omba siku hiyo hiyo, mtandao usije ukakuelemea siku ya mwisho. Ukishaomba, endelea na maisha. Ninawajua watu wenye umri wa miaka thelathini na tano wanaongojea orodha ya walimu tangu wana ishirini na sita, na katika muda huo mtu angeweza kumaliza kozi ya umeme au mafriji kwenye kituo cha mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe au Vitongoji, akawa anaitwa yeye na hoteli. Fundi wetu wa viyoyozi sasa hivi ananipangia mimi siku ya kuja. Digrii sina ugomvi nayo, lakini yule bwana hashindi getini na bahasha.

Na pesa: anayekuajiri hakuombi. Akikwambia utoe ya fomu, ya sare, ya kupima afya, ya "kumwona mkubwa," ondoka. Wa kazi za Ghuba ndio wabaya zaidi. Wakala wa kweli ana leseni na ana mkataba unaoweza kuusoma kabla ya kumkabidhi pasipoti, tena kaupeleke kwa watu wa Kamisheni ya Kazi wautazame. Hapa kwetu pia ipo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, kwa hiyo usione haya kuuliza mkataba uko wapi na jina lako limeandikishwa ZSSF lini. Nimeulizwa hivyo na kijana wa jikoni siku yake ya kwanza. Nilishtuka kidogo, kusema kweli, halafu nikaenda kulitafuta faili lake.

Yule wangu amerudi Wete. Zamu kumi nimemwahidi, na kuhojiwa atahojiwa na mwengine, mimi nitatoka chumbani. Jana kanitumia picha ya kiapo cha majina, kimeshapigwa muhuri. Nikamuuliza, na barua ya sheha? Kasema sheha yuko harusini Mkoani, harudi mpaka Jumatatu.