Diego Garcia ina wenyewe

Nilimsikia mchambuzi mmoja redioni akizungumzia miaka 250 ya Tangazo la Uhuru la Marekani. Alizungumza vizuri. Akamtaja Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, akamtaja Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo hilo, akaeleza jinsi wanafikra wa Zama za Mwangaza walivyomnyang'anya mfalme ule utukufu wa kudai kwamba ametumwa na Mungu, wakasema serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya watawaliwa. Mazungumzo yakahamia kwenye kambi za kijeshi za Marekani duniani, na kwa sauti ileile tulivu akasema Diego Garcia, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Chagos, Bahari ya Hindi, ni "kisiwa kisicho na watu". Mtangazaji akaitikia, wakaendelea na mengine.

Mimi nilikwama hapo. Kisiwa kile kilikuwa na watu. Kilikuwa na kanisa, makaburi, mashamba ya minazi na mabanda ya kukaushia mbata. Kama leo wenyeji wake hawapo, ni kwa sababu taifa hilihili linalotimiza miaka 250 lilitaka wasiwepo, na Uingereza ikaifanya kazi hiyo. Anayetaka kuzungumzia ridhaa ya watawaliwa na Diego Garcia katika kipindi kimoja, aanzie hapo.

Na sisi wa pwani hii tusijifanye habari hiyo ni ya mbali. Wafaransa waliwapeleka mababu wa Wachagosi visiwani mwishoni mwa karne ya 18 kama watumwa, wengi wao wakitoka Msumbiji na Madagaska. Watumwa wa visiwa vya Wafaransa katika bahari hii walinunuliwa Kilwa pia. Mwaka 1776, mwaka uleule wa Tangazo, Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Huku Philadelphia wakiandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, huku Kilwa watu wakiandikwa kwa idadi. Jefferson mwenyewe alikuwa na watumwa, hilo linajulikana, sitalirudia.

Baada ya utumwa kukomeshwa, watu wa Chagos walibaki. Wakazaa, wakazika, wakawa na Kikreoli chao na mapishi yao. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa kati ya 1,500 na 2,000. Ndipo Washington ilipotaka kambi katikati ya Bahari ya Hindi.

Visiwa vilikuwa sehemu ya Mauritius, koloni la Uingereza lililokuwa njiani kupata uhuru. Novemba 1965 Uingereza ikavikata, ikaviita Eneo la Uingereza la Bahari ya Hindi. Mauritius ililipwa pauni milioni 3 na kupata uhuru wake Machi 1968 ikiwa imekatwa kipande. Haya yalifanyika wakati Azimio namba 1514 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1960 lilikwisha kusema koloni lisimegwe likielekea uhuru. Desemba 1966 Marekani ikapewa visiwa kwa miaka 50, na kwa siri Uingereza ikapunguziwa dola milioni 14 katika gharama za makombora ya nyuklia ya Polaris iliyoyanunua kwa Marekani. Mwananchi wa Diego Garcia hakuulizwa chochote.

Hapa naomba msomaji usinikimbie, maana ndipo penye kiini. Nchi hizi mbili hazikusema kwamba kanuni ya ridhaa ni mbaya. Wala hazikusema haiwahusu watu weusi, ingawa miaka mia nyuma zingesema hivyo bila haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao nchi hizo ndizo zilizoongoza kuuandika, unamtaka mkoloni ajali kwanza maslahi ya wakazi wa koloni. Kukiwa na wakazi, kuna wajibu. Basi zikaamua kwamba hakuna wakazi. Maofisa wa London wakaandikiana kwamba watu wale waitwe vibarua wa mkataba waliokuja kwa muda. Mwaka 1966 kiongozi wa juu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Paul Gore-Booth, aliandika kwamba hakutakuwa na wenyeji isipokuwa shakwe. Mwenzake Denis Greenhill akajibu kwamba kwa bahati mbaya, pamoja na ndege hao wamo akina Tarzan na akina Friday wachache (majina ya watu wa porini katika hadithi za Kiingereza) ambao asili yao haijulikani. Nyaraka hizo zipo, zilisomwa mahakamani.

Asili yao haijulikani! Watu waliokuwa na vyeti vya ubatizo na makaburi ya bibi zao hatua chache kutoka mlangoni. Na mwaka 1971, suala la wakazi waliobaki lilipofika mezani kwa mkuu wa Jeshi la Majini la Marekani, Admeri Elmo Zumwalt, jibu lake kwa Kiingereza lilikuwa maneno matatu: ni lazima waondoke. Ofisa huyo aliapa kuilinda katiba inayoanza kwa "Sisi Wananchi".

Ukatili wa namna hii unanitisha kuliko ule wa wazi. Mtu anayekataa haki yako unaweza kubishana naye, kwa sababu amekubali kwamba upo. Anayefuta jina lako kwenye daftari amekuondolea hata mahali pa kusimama kubishana. Kanuni inabaki safi kwenye karatasi, sherehe zinafanyika kila Julai 4, na wewe uko kwenye kibanda cha mabati Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, ukisikia redioni kwamba kwenu hapana watu.

Waliondolewaje? Kwanza, waliokwenda Mauritius kutibiwa au kusalimia ndugu waliambiwa hakuna meli ya kurudi. Kisha chakula na dawa visiwani vikapungua. Mwaka 1971 mbwa wao walikusanywa, wakafungiwa katika banda la kukaushia mbata na kuuawa kwa moshi wa magari. Watu walijua maana yake. Wakapakiwa kwenye meli ya Nordvaer kwa awamu, wa mwisho wakitolewa Peros Banhos, visiwa vingine vya Chagos, mwaka 1973. Katika kundi hilo alikuwamo Liseby Elysé, binti mjamzito. Mtoto alikufa alipozaliwa. Septemba 2018 mama huyo, sasa mzee, alisikika kwa video katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague akieleza hayo kwa Kikreoli. Desemba 1971, wakati wajenzi wa kambi wakiwa tayari kazini, Umoja wa Mataifa ulitangaza Bahari ya Hindi kuwa ukanda wa amani. Kutoka kambi hiyo ndege za mabomu zikaja kuruka kwenda Iraki na Afghanistan.

Nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Bila mawazo ya Zama za Mwangaza na sheria zilizoyatangulia, Wachagosi wasingekuwa na silaha yoyote. Olivier Bancoult, aliyeondoka visiwani akiwa mtoto, alikwenda mahakamani London, na Novemba 2000 akashinda. Hata Magna Carta ya mwaka 1215 ilitajwa, inayokataza mtu huru kufukuzwa kwake bila sheria. Lakini angalia kilichofuata. Juni 2004 serikali ilitumia amri ya kifalme, bila kupitisha sheria bungeni, kuwazuia tena wasirudi. Nchi ya Locke ilikimbilia mamlaka ya malkia ili kumshinda mwana wa wakata nazi. Mwaka 2008 majaji watano wa Bunge la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati ule, waliigawana kesi: watatu kwa serikali, wawili kwa Wachagosi.

Upande wa mataifa, mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mwaka 1758 mwanasheria Mswisi, Vattel, aliandika kwamba mtu mfupi kupita wote ni mtu sawasawa na jitu, na jamhuri ndogo ni taifa huru sawa na ufalme wenye nguvu. Februari 25, 2019, mahakama ya The Hague, ikiongozwa na Msomali Abdulqawi Yusuf, ilisema Uingereza haikuikata Chagos kihalali na iondoke upesi iwezekanavyo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimama kuitetea hoja hiyo. Majaji 13 walikubali. Aliyepinga ni mmoja, Mmarekani. Mei mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 kwa 6, na miongoni mwa hao sita walikuwa Marekani na Uingereza. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Ila mkataba ulioletwa na ushindi huo, uliosainiwa Mei 22, 2025, unasema Chagos ni ya Mauritius, halafu Diego Garcia inabaki mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99, kambi ikiendelea, kwa malipo kwa Mauritius ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Kwa mkataba huo Mauritius itaweza kuwarudisha watu kwenye visiwa vingine. Diego Garcia, hapana. Wachagosi hawakuwa upande wowote wa meza. Asubuhi ya kusainiwa, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikuwa mahakamani London wakijaribu kuuzuia. Walikuwa wamepata zuio usiku, likaondolewa mchana.

Kwa hiyo bendera imepata haki yake na mtu hajapata yake. Sitaki tuiite hiyo haki ya Afrika. Hoja ya 1776 ilianza na mtu, taifa likafuata, kwa sababu taifa lilipewa kazi ya kumlinda huyo mtu. Wapo Wachagosi wanaoitaka Mauritius, wapo wasiotaka hata kuisikia, wapo waliozoea maisha ya Crawley, Uingereza, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick na wangependa tu kwenda kusafisha makaburi ya wazee. Wao ndio wa kuamua, na hawajawahi kupigishwa kura hata moja ya kuwauliza.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba usalama wa kambi hauruhusu raia. Kambi hiyo inaendeshwa kwa jasho la raia. Wafilipino wanapika pale, wanafua, wanatengeneza mabomba, kwa mikataba. Wamekaa miaka mingi na kambi haijaanguka. Upande wa mashariki wa kisiwa, East Point, ambako shamba la zamani lilikuwa, hakuna njia ya ndege wala maghala ya mabomu. Naomba anayeitetea hali hii anieleze ni hatari gani anayoileta bibi wa miaka 75 aliyezaliwa pale, ambayo hailetwi na mpishi kutoka Manila. Na zile serikali zetu zilizopiga kura mwaka 2019 ziiulize Port Louis swali hilohilo, hadharani, kabla haijapokea malipo hayo.