Karudia ukurasa mara nne: kasoma au kakariri?

Kila panapozungumzwa ufasaha wa kusoma katika madarasa ya mwanzo ya skuli zetu, Unguja na Pemba, hurudi lawama ile ile: watoto hawasomi, wanakariri. Kifungu kiko ubaoni, darasa zima linakiimba, na mtoto ukimgeuza aupe ubao mgongo anakimaliza mpaka nukta ya mwisho. Dawa wanayoitaka wanaolaumu ni kuacha kurudia. Kila siku kifungu kipya, na maendeleo yapimwe kwa saa: maneno mangapi kwa dakika.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Inachanganya, hata hivyo, mambo mawili ambayo mtoto yeyote wa chuoni, yaani madrasa, anajua kuyatenga: kusoma kwa ghibu na kudurusu. Ghibu ni juzuu ikiwa imefungwa. Kudurusu ni juzuu ikiwa wazi, chelewa, kile kijiti cha kuonyeshea, inatembea juu ya herufi, na msomaji anarudi pale pale mpaka ulimi uache kukwama. Hicho cha pili ndicho kinachotakiwa skuli, na si jambo la kuonea haya. S. Jay Samuels, mtafiti wa usomaji wa Marekani, alipoieleza njia ya kurudia kifungu mwaka 1979, hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto anayetumia nguvu zake zote kutambua maneno habakiwi na nguvu ya kuyaelewa. Ukisikiliza mtoto akihangaika na "ya-li-po-ku-pwa", utaona kwamba akifika "pwa" ameshasahau kuwa yanazungumzwa maji.

Kwetu tatizo hili hujificha, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, akashinda vikwazo vya "ng" na "ng'", na akajua kuwa "mtu" hukatwa m-tu lakini "mbuzi" hukatwa mbu-zi, anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwekea. Mzazi anafurahi. Lakini kutamka silabi si kusoma neno. Maneno yetu ni marefu na huanza kwa viambishi vinavyofanana, ali-, wali-, yali-, huku mzizi wenye maana umejificha katikati au mwishoni. Mkazo nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtoto hawezi kuupatia kabla jicho halijafika mwisho wa neno. Anayesoma silabi moja moja huzipa zote uzito sawa, na neno analolijua tangu nyumbani hulitamka asilitambue. Jicho kutangulia ulimi hakufundishwi kwa maelezo. Kunataka kupita mahali pamoja zaidi ya mara moja.

Sasa ile saa. Kigezo kilichozoeleka nchini ni maneno 50 kwa dakika kwa mtoto wa Darasa la Pili, na watu hukitaja kana kwamba neno ni kipimo kama kilo. Chukua sentensi mbili. "Baba ana mbuzi na kuku na paka": maneno 7, silabi 12. "Maji yalipokupwa bibi alishuka pwani kuchokoa pweza": maneno 7 vilevile, silabi 21. Mtoto anayekwenda silabi 60 kwa dakika atapata maneno 35 katika kifungu cha aina ya kwanza na maneno 20 katika cha aina ya pili. Mtoto ni yule yule, siku ile ile. Kwa kifungu kimoja ataandikwa kuwa anaendelea vizuri na kwa kingine kuwa yuko nyuma, na kilichobadilika ni mbuzi kuwa pweza! Samuels alilenga maneno 85 kwa dakika, lakini ya Kiingereza, ambacho kinahitaji maneno matano au sita kusema "yalipokupwa". Saa haina kosa, ilimradi inapima kifungu kile kile mara ya kwanza na mara ya nne. Kulinganisha skuli kwa skuli, kwa vifungu tofauti, ni kupima nguo kwa mikono ya watu tofauti.

Kurudia kunakofaa kuna utaratibu wake. Kifungu kiwe cha maneno 50 hadi 60. Kwanza mwalimu anakisoma peke yake kwa mwendo wa mazungumzo, watoto wakifuata kwa kidole. Pili anasoma kipande cha pumzi moja, nao wanaitikia. Tatu wanasoma wawili wawili, mmoja anasoma na mwenzake anafuata kwa kidole. Nne, mtoto anasoma peke yake mbele ya mwalimu. Watoto watano kwa siku wanatosha: darasa la watoto 60 linamalizika kwa siku 12 za masomo. Neno lililorukwa au kubadilishwa hupigwa mstari. Mtoto akijisahihisha mwenyewe si kosa. Akikwama kwa sekunde tatu anatajiwa neno aendelee. Lafudhi ya Micheweni au Makunduchi si kosa, na anayeihesabu anapima kitu kingine. Faida kubwa hupatikana kufikia mara ya tatu au ya nne. Ya nane ni adhabu.

Hapo kwenye kuitikia ndipo lawama inapopata haki yake. Sauti za wenye nguvu huwabeba wengine, na nusu ya darasa huangalia mdomo wa mwalimu badala ya ubao. Ile nyimbo ya kushusha sauti mwisho wa kila mstari nayo mara nyingi inatokana na namna ubao ulivyoandikwa. Mwalimu akifika ukingoni hukata popote: "Maji yalipokupwa bibi" halafu chini yake "alishuka pwani kuchokoa". Mtoto anapumua pale ubao ulipomwambia apumue. Andika "Maji yalipokupwa" mstari wa kwanza, "bibi alishuka pwani" wa pili, "kuchokoa pweza" wa tatu, na sehemu kubwa ya nyimbo hiyo itaondoka bila kumkemea mtu.

Kumjua aliyekariri nako hakuhitaji kuacha njia nzima. Futa neno moja: badala ya "yalipokupwa" andika "yalipojaa", "bibi" awe "babu". Anayesoma atasita, pengine atacheka, maana maji yakijaa pweza hachokolewi. Aliyekariri atapita moja kwa moja na bibi yake. Au mwanzishe kwenye sentensi ya mwisho.

Wanaotaka vifungu vipya wana hoja moja ambayo watetezi wa kurudia hawajaijibu sawasawa. Watafiti wa usomaji Kuhn na Stahl, katika mapitio yao ya tafiti ya mwaka 2003, hawakuweza kusema kwa uhakika kama kinachosaidia ni kurudia kwenyewe au ni wingi wa maneno ambayo mtoto anayasoma huku akisaidiwa. Penye vitabu vingi, hoja hiyo ina uzito. Penye kitabu kimoja kwa watoto watatu, wingi huo utatoka wapi kama si ubaoni? Njia ya kati ipo: kifungu kisizidi siku tatu, na kinachofuata kichukue kama maneno 20 ya kile kilichotangulia, katika sentensi mpya. Pweza arudi, safari hii akiwa sokoni.