Nyenje Waliopakwa Poda

Nimekulia Pangani, ambako mjusi kafiri hafugwi bali hufukuzwa kwa kandambili, kwani tangu utotoni tumefunzwa kwamba ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim ili uzidi kuwaka. Kwa hiyo jirani yangu hapa Leicester aliponiomba nimtunzie mjusi wake kwa juma moja, nilikubali kwa ulimi tu, tena nikalificha tangi lake la kioo nyuma ya pazia la jikoni, maana mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea.

Mjusi mwenyewe, haki ya Mungu, hakuwa na kosa. Alikuwa wa manjano mwenye madoadoa kama chui, wa jamii itokayo nchi kavu za Afghanistan na Pakistan. Hapandi ukuta kwa sababu vidole vyake havinati, anazo kope za kupepesa, na mkia wake umenenepa kama kidole gumba kwa kuwa ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Niliagizwa upande mmoja wa tangi uwe na joto la nyuzi 32 hivi na wa pili uwe wa baridi kidogo, na kwamba ale nyenje walio hai, waliopakwa kwanza unga wa kalsiamu ili mifupa yake isilegee.

Kwenye kupaka ndipo nilipoponzeka. Jirani alinionyesha kwamba unatia nyenje watano katika mfuko wa plastiki, unanyunyiza unga kidogo, kisha unatikisa taratibu. Mimi, kwa uvivu wa kurudia kazi, nikamimina kopo zima la nyenje 20 na kutikisa kama apakaye unga samaki wa kukaanga. Mfuko ukapasuka chini, na nyenje weupe kama visheti vilivyogaagaa kwenye sukari wakatawanyika sakafuni, huku mjusi akinitazama na kujilamba mdomo.

Niliwanasa 11. Mmoja alifika sebuleni na kutua juu ya msala, mbele kabisa ya mama mkwe, ambaye alitoa salamu ya kulia, akatoa ya kushoto, kisha akaniita.

"Mwanangu, huyu mdudu kapakwa poda na nani?"

"Nimempaka mimi, mama."

"Ili iweje?"

"Ili mjusi amle."

Alinyamaza kwa muda ulionitosha kuhesabu nauli ya kumrudisha kwao.

"Mjusi yupi?"

Usiku, saa nane, dume mmoja alianza kulia nyuma ya friji, kwenye joto la mota. Niliteremka na tochi na kandambili, nikamkuta mama mkwe amesimama gizani na khanga yake, akisikiliza.

"Mwache huyo," akanong'ona. "Tangu nije, usiku wa huku ulikuwa bubu."

Akarudi kulala, ila mlango aliufunga kwa ufunguo, na chini yake akasokomeza taulo.